LUGHA ILIKUJA KWA MIGUU
Neno kwa walimu wenzetu walio ugenini

Umeenea miongoni mwa walimu wanaofundisha Kiswahili katika nchi za jirani mtindo mmoja ambao twaona umefika wakati wa kuusema waziwazi. Mwalimu hutoka Tanga, Mombasa au Unguja, akavuka mpaka na vyeti vyake na masanduku yake ya vitabu, akafika Uganda, akapewa nyumba karibu na shule. Na tangu siku hiyo nyumba ile huwa kisiwa. Mchele huagizwa kutoka nyumbani. Nazi huletwa kwa basi. Jumamosi na Jumapili hupita ndani, mlango umerudishwa, simu ikileta habari za kwao. Mkataba unapokwisha, ukimwuliza mwenzetu huyo ameona nini huko alikokuwa, atakujibu kwamba hapakuwa na cha kuona: ndizi, mvua na milima tu.

Ndizi, mvua na milima tu! Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuwafundisha watoto wa nchi ile kusema, kusimulia na kueleza dunia yao kwa Kiswahili, ameishi katikati ya dunia hiyo miaka mitatu asiione. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la hiari ya mtu, na kwamba baada ya saa za kazi mwalimu ana haki ya kula apendacho na kulala apendapo. Sisi twakataa. Twasema kwamba mwalimu wa lugha aliye ugenini, asiyetembea kwa miguu katika nchi anamofundisha wala kuonja chakula chake, ana upungufu wa kazi, sawasawa na yule asiyesahihisha madaftari. Neno hili ni kali, na hatuna budi kulitolea hoja.

KISWAHILI KILIFIKAJE HUKO?

Tuanze na historia, maana wenzetu hao ndio wanaoifundisha. Kiswahili kilifika Buganda kwa miguu. Katika miaka ya 1840, wakati wa Kabaka Suuna wa Pili, wafanyabiashara kutoka pwani walikwisha kufika katika jumba la mfalme huyo. Na miongoni mwa waliotangulia hutajwa Ahmed bin Ibrahim. Njia yao ilikuwa ndefu: Bagamoyo hadi Tabora, Tabora hadi Karagwe, Karagwe hadi Buganda, zaidi ya kilomita 1,000 za pori, mito na vinamasi. Hatuwasifu kwa yote waliyobeba, kwani ndani ya misafara ile kulikuwa na bunduki, na kulikuwa na biashara ya watumwa ambayo Afrika Mashariki haitaisahau. Lakini kuhusu lugha, ukweli ni kwamba ilisafiri na watu waliotembea, waliolala vijijini, waliokula walichokikuta na kukitolea jina.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika Kiganda chenyewe mpaka leo. Yatazameni maneno ambayo Kiganda kiliyachukua katika Kiswahili: emmeeza, essowaani, ssukaali, omuceere, ssabbuuni, edduuka, omukeeka. Ni meza, sahani, sukari, mchele, sabuni, duka na mkeka. Ndiyo maneno ya mtu aliyekaribishwa, akaketi, akala, akanunua na kuuza. Halikupita hapo neno la kiima wala la kiarifu. Kiswahili kiliingia katika nyumba za Waganda kupitia jikoni na sokoni, na kilichoingia kwa njia hiyo hakijatoka.

Sasa linganisheni na yaliyofuata. Kiswahili kilipoletwa kwa amri, kilikutana na upinzani. Gavana wa kikoloni alipotaka kukieneza nchini mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929, akihofia kwamba lugha ya mgeni itaisukuma kando lugha ya mwenyeji. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Na kwa kuwa askari wake ndio waliokisema vizuizini, wananchi wengi walikisikia kama lugha ya kambi, ya amri na ya vitisho. Aliyeburutwa usiku kwa maneno ya Kiswahili hakupenda watoto wake wakiimbe Kiswahili mchana. Jeraha hilo halikupona upesi, na wazee wengi wangali nalo.

Mlango umefunguliwa tena. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo likaridhia kifanywe lugha rasmi kwa mujibu wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na likapendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwezi Februari mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Haya ni mafanikio. Lakini tukumbuke kwamba amri haijawahi kuwa na nguvu ya kuwafanya watu wa Uganda wakipende Kiswahili. Mtoto wa Masaka au wa Mbale akikutana na mwalimu wa Kiswahili anayeidharau nchi yake, atahitimisha yaleyale aliyohitimisha babu yake: kwamba lugha hii ni ya wenyewe, nayo imekuja kumwamuru. Basi hilo ndilo lililo hatarini, walimu wenzetu, wala tusidhani kwamba twagombana juu ya wali wa nazi.

DARASA LILILO NJE YA MLANGO

Kila aliyefundisha Kiswahili anajua jinsi wanafunzi wanavyosumbuliwa na ngeli ya mahali. Humu, hapa na huku; mna, pana na kuna. Ndani ya chumba cha darasa tofauti hizi huwa kitendawili, maana chumba ni kimoja na mwanafunzi haoni sababu ya kukiita kwa namna tatu. Mwalimu huandika jedwali ubaoni, mwanafunzi hulikariri, mtihani hupita, jedwali husahauliwa.

Lakini wachukueni wanafunzi hao mwende nao Mabira, msitu ulio kando ya barabara iendayo Jinja kutoka Kampala. Ingieni chini ya miti ile mirefu. Humu msituni mna kima. Hapa kijitoni pana mawe. Kule ng'ambo ya barabara kuna mashamba ya chai na miwa. Saa moja ya kutembea imefanya kazi ya juma zima la ubao. Tena mwanafunzi Mganda atatabasamu, kwa sababu nyumbani kwao husema mu kibira mulimu enkima: mu kwa mu, na kima kwa enkima. Atagundua kwa masikio yake mwenyewe kwamba Kiswahili na Kiganda ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba anayoyaona magumu katika lugha yetu amekuwa nayo tangu kunyonya. Mwalimu asiyeujua msitu wala Kiganda hana njia ya kumwonyesha hayo.

Na Mabira yenyewe ina habari ya kufundishwa. Mwezi Aprili 2007 watu waliandamana mjini Kampala kupinga mpango wa kukata sehemu ya msitu huo ili ipandwe miwa. Fujo zikazuka, na watu wakapoteza maisha. Mwanafunzi anayetafuta mada ya mdahalo atafutiwe nini tena? Kati ya mti na sukari, kati ya kazi za leo na mvua za kesho, hoja zimo pande zote mbili, na mashahidi wamo barabarani. Hata hivyo twajua madarasa ambamo mdahalo wa Kiswahili huwa juu ya mambo kama bahari na bara, mbele ya watoto ambao hawajaiona bahari wala kuiota.

Si mbali na Mabira uko mto Ssezibwa na maporomoko yake. Waganda husimulia kwamba mto huo ulizaliwa: mwanamke mja mzito alijifungua njiani, na badala ya watoto pacha yakatoka maji, yakawa mito miwili. Hapo watu wangali wanafika na sadaka zao. Mwalimu wa fasihi simulizi anayewafundisha wanafunzi visaasili kutoka kitabuni, hali kisaasili kinanguruma mwendo wa saa moja kutoka mjini, atatueleza nini? Awapeleke wakakisikilize kwa mwenyeji, kisha wakisimulie upya kwa Kiswahili. Hapo Kiswahili kitakuwa kimepata hadithi mpya, na wenyeji hawatakuwa wamepoteza yao.

Ukipanda mashariki hadi Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, utakuta maporomoko matatu ya Sipi, lililo refu likianguka mita mia moja hivi. Njia zake zapita katikati ya mashamba ya kahawa, na mwenyeji atakuonyesha buni ikichumwa, ikimenywa, ikianikwa, ikikaangwa na kutwangwa. Hapo mna somo zima la kauli ya kutendwa, na mwisho wa somo mna kikombe cha kahawa.

Tusidanganyane kwamba matembezi ni starehe tupu. Msitu wa Bwindi, ulio kusini-magharibi, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ulimwengu wote huja kuwatazama sokwe wake wakubwa. Lakini hifadhi ilipoundwa, Watwa waliokuwa wakiishi na kuwinda humo waliondolewa, na wengi wao walibaki bila ardhi. Mwenye kufika huko kwa miguu na kuzungumza na watu atayasikia yote mawili, uzuri wa mlima na uchungu wa waliotolewa mlimani. Ajuaye yote mawili ndiye anayefaa kusimama mbele ya darasa na kuyafundisha maneno "mazingira" na "haki".

SARUFI YA JIKONI

Tuje sasa kwenye chakula, ambako kiburi cha baadhi ya wenzetu hujionyesha bila haya. Tumewasikia wakisema kwamba ndizi za kupondwa ni chakula cha mgonjwa, kwamba watu wa bara hawana pishi, kwamba pasipo nazi hapana mlo. Wanaosema hivyo hawajapata kusimama kando ya mpishi wa Kiganda hata dakika kumi.

Chukueni luwombo. Yasemekana chakula hiki kilibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga. Jani la mgomba hupitishwa juu ya moto au moshi lilegee lisipasuke. Kuku, nyama au samaki huwekwa ndani pamoja na mchuzi, mara nyingi wa karanga. Jani hukunjwa, hufungwa kwa kamba ya mgomba, hupangwa chunguni juu ya majani mengine, hufunikwa, na kupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Wakati wa kula kazi hurudi kinyume: chungu kilichofunikwa hufunuliwa, vifurushi vilivyopangwa hupanguliwa, kamba iliyofungwa hufunguliwa, jani lililokunjwa hukunjuliwa, na harufu huijaza nyumba. Kunja na kunjua, funga na fungua, panga na pangua, funika na funua: ni kauli ya kutendua, walimu wenzetu, ileile tunayoiandikia jedwali! Mwanafunzi aliyemwona mama yake akifanya haya tangu utoto angeifahamu kwa mara ya kwanza kuisikia, kama mwalimu wake angalijua kinachopikwa nyumba ya pili.

Au chukueni neno "ndizi" lenyewe. Kwa Mganda kila ndizi ina jina na kazi yake. Matooke ni ya kupika, gonja ni ya kuchoma, mbidde ni ya pombe, bogoya ni ile kubwa ya kumenya na kula; na lile neno letu, ndiizi, wamelipa tunda dogo tamu la kuliwa bichi baada ya chakula. Sasa mwalimu mgeni husimama na kuandika ubaoni: "Mama anapika ndizi." Darasa lacheka. Mwalimu adhani watoto hawana adabu. Kumbe wanamwona mama aliyerukwa na akili, anayeteleka chunguni tunda la kuliwa bichi! Mwalimu aliyezunguka soko la Nakasero au gulio lolote la kijijini asubuhi moja hawezi kuandika sentensi hiyo bila kuieleza. Tena angefurahi kuwaambia kwamba gonja wanayoichoma wao ni ya jamii ile ambayo kwetu huitwa mkono wa tembo, na neno moja lingekuwa limejengewa daraja.

Kando ya barabara ya Jinja, basi linaposimama, wachuuzi hulizunguka na mishikaki ya nyama, vipapatio vya kuku na gonja za moto. Nyama hiyo huitwa muchomo. Ni neno letu. Limetoka katika kuchoma. Watu wanaosema kwamba Uganda haina Kiswahili hupita hapo wamefunga vioo.

Na samaki je? Yule dagaa wa Ziwa Viktoria ambaye mwenzetu humwagiza Mwanza kwa gharama, huuzwa sokoni Kampala kwa jina la mukene, na Kisumu kwa jina la omena. Samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile, ila mpaka ndio uliochorwa juu ya maji. Vivyo hivyo kisamvu cha Dar es Salaam ni isombe ya Kigali na Bujumbura, na sombe ya Bukavu na Lubumbashi. Wenzetu walioko pande hizo wanatusikia. Nao wajiulize kama wamepata kuwakusanyia wanafunzi wao majina haya wakayapanga sambamba, au wamewaacha waamini kwamba kilicho sufuriani mwao hakina jina la Kiswahili.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wanaotujibu kwa methali. Husema: mwacha asili ni mtumwa. Twawauliza, nani aliyewaambia mwiache? Aliyekula malewa kwa Wagisu, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, hakupoteza ladha ya samaki wa kupaka. Ameongeza ya pili. Asili inayokufa kwa tonge moja ilikuwa mgonjwa tangu nyumbani. Wengine husema: mtembezi hula miguu yake. Nasi twawakumbusha kwamba wahenga haohao walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali mbili zikipingana, mwenye busara hutazama hali, na hali ni kwamba darasa la Kiswahili nchini Uganda linahitaji mwalimu anayeijua Uganda.

Wapo wanaolia fedha. Kweli, mishahara yetu ni midogo, na safari ya Bwindi ni ghali. Lakini hata katika hifadhi za taifa, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa Ulaya. Na matembezi mengi hayana kiingilio. Vilima vya Kampala havina lango. Jina lenyewe la mji huo latokana na kilima cha swala: kasozi k'empala, ndiye swala pala wetu. Mwalimu na apande kilima kimoja kila Jumamosi, awaulize wakazi maana ya jina lake, na kufikia mwisho wa muhula atakuwa na masomo kumi yasiyomo katika kitabu chochote.

Wapo wanaoogopa kwamba Kiswahili sanifu kitachafuka kikichanganywa na matooke na malewa. Hao wamesahau meza ilikotoka. Ilitoka kwa Wareno, ikakaa pwani, ikapanda bara, na leo Mganda huiita emmeeza. Chapati ilitoka Bara Hindi, na leo vijana wa Kampala huikunjia mayai ndani na kuila asubuhi wakienda kazini. Lugha yetu haikuwahi kuwa bikira wa kufungiwa ndani. Ukubwa wake umetokana na kupokea, kupima na kuyapa maneno mavazi yake ya ngeli. Matoke na senene yamo katika kamusi zetu, na hakuna aliyeuawa na hayo.

Wapo, mwisho, wanaokunja pua wakisikia senene. Kila mwaka, hasa mwezi Novemba, wadudu hao hushuka kwa wingi. Huko Masaka hutegwa usiku kwa taa kali na mabati yaliyoinamishwa juu ya mapipa. Hunyonyolewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, vitunguu vikaongezwa. Mwenzetu Mtanzania huwaita "chakula cha Waganda". Basi na avuke Mto Kagera arudi kwao aende Bukoba, awaulize Wahaya! Kitu anachokiita cha kigeni kiko ndani ya nchi yake. Hiyo ndiyo hasara ya kujifungia: mtu hukosa kuijua nchi ya jirani, kisha hugundulika kwamba hata yake haijui.

Hatusemi kwamba kila mtu lazima ale kila kitu. Waganda wenyewe hawasemi hivyo. Mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, kwa sababu ndiye muziro wake. Na zamani wanawake wa Buganda waliwavuna senene bila kuruhusiwa kuwala. Neno muziro litazameni vizuri. Ni mzio kwa Kiswahili, kitu ambacho mtu hajiruhusu kukila. Mgeni mwenye mzio wake, wa dini au wa tumbo, akiueleza kwa adabu ataeleweka mara moja, kwa kuwa amefika kwa watu wanaoufahamu mzio kuliko anavyoufahamu yeye. Kinachochukiza ni dharau. Mwenyeji hupima haraka tofauti kati ya asiyeweza kula na asiyetaka kukaa naye.

TUNALOLITAKA

Chama chetu kisiishie kulaumu. Twapendekeza mambo manne, na twaomba yajadiliwe katika mkutano ujao.

La kwanza, kila mwanachama anayefundisha nje ya nchi yake awatoe wanafunzi nje angalau mara moja kila muhula, kwa miguu, kwenda penye msitu, mto, kinamasi, kilima au soko lililo karibu, na kazi yote ya siku hiyo iwe kwa Kiswahili.

La pili, mada za insha zibadilishwe. Mtoto wa Kabale asilazimishwe kusimulia safari ya Mombasa asiyoifanya. Asimulie ukungu wa asubuhi katika mabonde yake, shamba la viazi la bibi yake, korongo mwenye taji anayemwona kinamasini na ambaye yumo katika bendera ya nchi yake. Vitabu vingi tunavyovitumia viliandikwa kwa ajili ya watoto wa Kenya na Tanzania. Havina kosa, ila havitoshi, na atakayevijaliza ni mwalimu aliyeko pale.

La tatu, kila mwalimu awe na daftari la maneno. Aandike jina la mti, la ndege, la samaki, la chakula na la chombo kwa lugha ya wenyeji, na mbele yake neno la Kiswahili, au maelezo ya Kiswahili pale ambapo neno halipo. Jarida hili litenge ukurasa kwa kazi hiyo. Vitabu vinavyowaongoza wageni katika misitu ya Uganda vimeandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Ni aibu kwamba lugha ya Afrika Mashariki iachwe nyuma na wageni katika kuitaja Afrika Mashariki.

La nne, mwalimu mgeni anapofika, asiachwe ajipikie peke yake mwezi wa kwanza. Mwanachama mwenyeji ampokee, amtembeze sokoni, amkalishe jikoni, amfundishe kusalimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mwalimu ni hili tulilolieleza.

Kuna walimu Waganda, Wagisu na Wanyankole wanaofundisha Kiswahili kwa bidii, waliojifunza lugha yetu mbali na pwani, wakaipenda licha ya yale ambayo wazazi wao waliyapata kwa jina lake. Kila siku hao huulizwa na jamaa zao kwa nini wanaihangaikia lugha ya watu wengine. Mwenzetu anayekaa miaka mitatu bila kuonja chakula chao huwanyang'anya jibu. Anayepanda kilima pamoja nao, akala gonja ya moto njiani na kuuliza jina la kila mti, huwapa jibu la kwenda nalo nyumbani. Mwezi Novemba senene wakishuka, tutawauliza wanachama wetu walioko Masaka wameandika nini katika madaftari yao.